Ukipanda Basi la Ulaya, Saa Si Yako

Kila inapokaribia likizo ya Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba, hupita mikononi mwa familia zetu vijitabu vya rangi vyenye picha ya mnara wa Eiffel upande mmoja na milima ya theluji upande wa pili. Maneno yake hayabadiliki sana: nchi 6 kwa siku 12, au nchi 8 kwa siku 15, basi la starehe, treni ya mwendo wa kasi, kiongozi wa msafara, hoteli na kifungua kinywa. Zamani habari za safari hizi tulizisikia kwa wengine. Leo wanaoniulizia ni jirani zangu: mwalimu aliyestaafu, mama muuza nguo aliyecheza upatu miaka 3, binti anayetaka kumpeleka mamake kabla magoti hayajakataa.

Sikusudii kumkataza mtu. Kutembea katika ardhi na kuyaangalia yaliyojengwa na waliotutangulia ni jambo jema, na mwanamke ana haki ya kuyaona kama alivyo nayo mwanamume. Ninalotaka wasomaji walijue kabla ya kutoa arubuni ni jambo moja: bidhaa inayouzwa katika kijitabu kile ni saa, wala si miji. Anayekuuzia safari amezigawa saa zako zote kabla hujatoka nyumbani, na bei yake ni nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Asiyejua zimegawanywa vipi ataiona Ulaya kupitia kioo cha dirisha, na atasali Adhuhuri kwa wasiwasi.

Watu wa pwani hatukuanza leo kusafiri kwa kikundi. Aliyekwenda Umra anaujua utaratibu: kiongozi mwenye kibendera, majina kuhesabiwa mlangoni mwa basi, vyumba vya watu wanne wanne, masanduku yaliyofungwa utepe wa rangi moja. Kwa hiyo wengi hudhani safari ya Ulaya ni ile ile, ila mji tu umebadilika. Hapo ndipo wanapopotea. Msafara wa Umra hujipanga pembezoni mwa adhana, na dereva mwenyewe naye anataka kusali. Msafara wa Ulaya hujipanga kwa vitu vingine viwili: saa za kazi za dereva, na saa iliyochapishwa juu ya tiketi ya makumbusho.

Biashara hii ina umri mrefu. Mwingereza Thomas Cook, fundi seremala na mhubiri, alikodi treni tarehe 5 Julai 1841 kuwachukua watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mtu. Walikuwa wakienda kwenye mkutano wa kupinga ulevi, jambo ambalo anayeiona orodha ya vinywaji katika hoteli za watalii siku hizi huenda asilisadiki. Mwaka 1863 aliongoza kikundi hadi Uswisi, na miongoni mwao alikuwamo Jemima Morrell, mwanamke wa Yorkshire aliyeandika shajara ya safari ile. Wanawake wengi wa zama zile waliweza kuvuka bahari kwa sababu tu kulikuwa na kiongozi na kundi la kuaminika. Na wachache wanajua kwamba mwaka 1886 serikali ya Kiingereza ya India iliipa kampuni ya Cook kazi ya kuwasafirisha mahujaji Waislamu kutoka India hadi Jeddah. Kazi ile haikudumu hata miaka 10. Lakini inaonyesha kwamba hesabu ya anayepanga msafara ni ile ile, awe anampeleka mtu Makka au Lucerne: vitanda vingapi, viti vingapi, saa ngapi.

Mashine iliyo karibu na usukani

Mwaka juzi nilifuatana na familia tatu za hapa kwetu katika msafara wa namna hii, tukiwa pamoja na watu wa mataifa mengine katika basi moja. Siku ya kutoka Paris kwenda Lucerne ni mwendo wa kilomita zipatazo 600. Tulisimama mahali pa kupumzikia kando ya barabara kuu. Bibi mmoja wa kikundi chetu, mwenye umri wa miaka 60 na kitu, alikuwa bado anatawadha wakati kiongozi alipokuja kututafuta.

“Maalim,” akaniambia, maji yakimdondoka viwikoni, “huyu dereva ana haraka ya nini? Mwambie angoje, ni dakika tano tu.”

“Haraka si yake, mama. Ipo mashine inamhesabia.”

“Basi na aizime!”

Haizimwi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inataka dereva wa basi asiendeshe zaidi ya muda wa saa 9 kwa siku, na mara 2 tu kwa wiki anaruhusiwa kufika saa 10. Baada ya kuendesha kwa muda wa saa 4 na nusu, lazima apumzike dakika 45. Tangu mwaka 2024 madereva wa misafara ya watalii wanaweza kuzigawa dakika hizo mara mbili, ila kipande kimoja kisipungue dakika 15. Usiku anatakiwa kupumzika muda wa saa 11, unaoweza kupunguzwa kwa siku chache tu. Chombo kiitwacho takografu kinarekodi kila dakika, na polisi wakilisimamisha basi hukitazama hicho kwanza. Faini ni kubwa, kwa dereva na kwa mwajiri wake.

Aliyeyaelewa haya huliona basi kwa jicho jingine. Dakika 5 za kumngojea mtu asubuhi, dakika 10 za foleni ya choo mchana, dakika 15 za msongamano wa magari, zote zinatoka katika mfuko mmoja. Na mfuko ukiisha, kinachokatwa ni matembezi ya jioni. Ndiyo maana viongozi huwa wakali kuhusu saa kuliko kuhusu jambo lolote. Upande wa pili ni huu: mapumziko ya dakika 45 ni haki ya dereva, na hakuna awezaye kuyapunguza. Anayejua yatakuwa wapi ana dakika 45 za kutawadha, kusali na kula bila kumkimbiza mtu. Muulizeni kiongozi asubuhi, mkiwa bado hotelini: leo tutasimama wapi kwa muda mrefu, na saa ngapi? Bibi yule kuanzia siku ya pili alikuwa akiuliza mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuungaunga, na kiongozi akawa anamwonyesha kwa vidole kabla hajafungua mdomo.

Agosti na Desemba

Waulizaji wengi hutaka kujua kuhusu Sala kabla ya kuuliza bei. Jibu linategemea zaidi mwezi utakaosafiri kuliko nchi utakazopita.

Katikati ya Agosti jua la Paris huzama baada ya saa 3 usiku, na la Roma baada ya saa 2. Adhuhuri ya Paris huingia karibu saa 8 mchana, na Alasiri karibu saa 12 jioni. Tazama basi jambo hili lilivyo jepesi: msafara unafika hotelini saa 1 jioni, na bado kuna nafasi kubwa kabla ya Magharibi. Msafiri mwenye haki ya kukusuru na kukusanya, akinuia katika wakati wa Adhuhuri kwamba ataichelewesha, atasali Adhuhuri na Alasiri rakaa mbili mbili chumbani mwake, kwa utulivu, bila kutandika mswala katika maegesho ya magari. Uzito wa Agosti ni wa usiku: Isha huchelewa sana, na Alfajiri huja kabla mwili haujapumzika. Kwa miji ya kaskazini, mwanga wa jua usiku wa kiangazi huchelewa mno kutoweka, na kalenda za misikiti hutofautiana katika kuhesabu Isha na Alfajiri. Fuateni kalenda ya msikiti wa mji mliomo.

Desemba hali hugeuka. Adhuhuri ya Paris huingia karibu saa 7 mchana, na jua huzama kabla ya saa 11 jioni. Sala zote mbili za mchana zimebanwa ndani ya muda wa saa 4, na saa hizo ndizo za kutembezwa. Basi litafika hotelini giza limekwisha ingia. Anayesafiri Desemba lazima asali mchana, akizikusanya mbili katika wakati wa Adhuhuri au wa Alasiri, mahali popote palipo safi: chumba tulivu cha stesheni kubwa, kona ya bustani, pembe ya mgahawa mliokula. Bei za Desemba huvutia, hasa kabla ya Krismasi, na likizo yetu ndefu iko hapo. Mwenye kuichagua aijue na hesabu yake.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali pamoja siku 4 kamili, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kukusuru. Misafara hii huwa hailali mji mmoja zaidi ya siku 3, kwa hiyo ruhusa hudumu safari nzima. Kuhusu udhu, mwenye soksi za ngozi zilizotimiza masharti ana siku 3 za kupaka juu yake, na atajiepusha na kuinua mguu katika beseni la kunawia uso mbele ya watu wasioelewa. Chupa ya maji ya chooni ibebwe na kila mmoja. Ukifika Italia utakuta bide karibu kila bafu, kwani ni sheria ya ujenzi huko tangu mwaka 1975. Kwengineko ni karatasi tu.

Lugha ya vijitabu

Vijitabu vina lugha yake, na wenye kuviandika hawasemi uongo. Wanatumaini tu kwamba hutasoma polepole. Kilichoandikwa “tutatembelea” maana yake mtaingia ndani, na tiketi imelipwa. Kilichoandikwa “tutaona” maana yake mtasimama nje, au basi litapita mbele yake likipunguza mwendo. “Matembezi ya hiari” maana yake utalipa pesa nyingine ukiwa huko huko, na usipolipa utabaki hotelini au utaachwa mjini ungoje. Chukua kalamu, piga mstari chini ya kila “tutaona”, kisha uhesabu. Nimeviona vijitabu ambavyo kati ya sehemu 30 zilizotajwa, zisizofika 10 ndizo zenye mlango wa kuingia.

Hoteli nayo isomwe. “Eneo la Venice” mara nyingi ni Mestre, mji wa bara. “Eneo la Paris” huenda likawa nusu saa nje ya mji, au zaidi magari yakisongamana. Si kosa, kwa kuwa basi kubwa haliwezi kuegesha katikati ya mji, na bei ingepanda. Lakini jioni ile uliyodhani utatembea na wanao kando ya mto utaipitisha mbele ya barabara kuu na duka la mafuta.

Venice yenyewe ni mfano mzuri wa jinsi saa zinavyoliwa. Basi huishia Tronchetto, kisha ni mashua. Tangu mwaka 2024 mji umekataza vikundi vya watalii vizidi watu 25 na umekataza vipaza sauti, kwa hiyo basi la watu 50 hugawanywa mara mbili, kila kundi na mwongozaji wake. Ukitoa mashua ya kwenda, mashua ya kurudi, na choo cha kulipia, kilichobaki ni matembezi ya asubuhi moja. Na Venice inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani: shanga za vioo zilizotengenezwa huko zilipitia Unguja katika karne ya 19 na kuingia bara pamoja na misafara ya biashara. Kando ya Mfereji Mkuu lipo jumba walilopewa wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniya tangu mwaka 1621, wakakaa na mizigo yao humo; leo ni makumbusho ya viumbe na maumbile. Mashua hulipita. Kama hukulijua jina lake, Fondaco dei Turchi, hutageuza kichwa.

Vivyo hivyo Paris. Msafara ukiingia Louvre, huenda moja kwa moja kwenye picha ya Mona Lisa na kutoka. Chini ya paa la dhahabu katika ua wa makumbusho hayo hayo, tangu Septemba 2012, umefunguliwa ukumbi wa sanaa za Kiislamu, na ni mahali ambapo mama anaweza kumwonyesha bintiye kwamba vyombo, mazulia na khati za Waislamu zimewekwa pamoja na hazina za wafalme. Louvre hufungwa Jumanne; tazama ratiba yenu isije ikawa inapita Paris siku hiyo. Na Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926 kuwakumbuka Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza, una ua wa bustani na mkahawa wa chai, na haumo katika kijitabu chochote nilichokisoma. Wakati wa mapumziko yenu ya Paris ndio wa kwenda huko.

Treni

Nitakuwa wazi: kwa familia zetu napendelea safari ambayo sehemu ndefu ni za reli, hata kama bei inapanda kidogo. Katika treni mtoto anatembea, mama anakwenda msalani bila kumwomba mtu ruhusa, na mzee ananyoosha mguu. Mwenye kuweza kusimama na kuelekea kibla anaweza kuidiriki Sala yake, ingawa treni hupinda na kibla hupinda nayo. Kutoka Paris hadi Lucerne kwa treni, mkibadilisha Basel, ni muda wa saa 5 hivi. Kwa basi ni siku nzima pamoja na vituo. Florence hadi Roma ni saa moja na nusu.

Treni ina masharti yake pia. Haingoji. Katika basi kiongozi anaweza kukuombea dakika 2. Stesheni hakuna wa kumwomba. Sanduku utalibeba mwenyewe, utalipandisha ngazi za behewa kwa dakika chache, na mwenye masanduku 3 ya zawadi atajuta. Uliza kabla: je, mizigo yetu itachukuliwa na gari hadi hoteli ijayo, au tutaiburura sisi? Kwa mama mwenye mtoto mgongoni swali hili ni kubwa kuliko jina la hoteli.

Na uliza treni inapita wapi. Kuvuka Alps kuna njia mbili kwa jina moja la Gotthard. Handaki jipya, lililofunguliwa Juni 2016, lina urefu wa kilomita 57, na hakuna la reli lililo refu kulizidi duniani. Utaingia upande mmoja, utakaa gizani dakika 20 hivi, utatoka upande wa pili, na hutakuwa umeiona milima uliyoilipia. Njia ya zamani ya mwaka 1882 hupanda kwa kuzunguka ndani ya mlima, hata kanisa dogo la kijiji cha Wassen huonekana mara 3, kila mara kutoka kimo kingine, kwanza juu yako, kisha sawa nawe, kisha chini yako. Kuna safari ya watalii inayoanza Lucerne kwa meli hadi Flüelen na kuendelea kwa treni juu ya njia hiyo ya zamani. Yote mawili kijitabu kitayaita “treni ya kupita Alps”.

Uso na sheria

Dada zetu wavaao nikabu wasisafiri kwa kubahatisha. Ufaransa ilianza kuzuia kufunika uso mahali pa umma tarehe 11 Aprili 2011, na faini hufika yuro 150. Ubelgiji ikafuata mwaka huo huo, Austria Oktoba 2017, Denmark Agosti 2018. Uholanzi tangu 2019 inazuia katika vyombo vya usafiri vya umma, shule, hospitali na ofisi za serikali. Uswisi nzima imeanza tarehe 1 Januari 2025, na faini yake inaweza kufika faranga 1,000. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikubali sheria ya Ufaransa mwaka 2014, kwa hiyo hakuna rufaa ya kutegemea ukiwa barabarani na basi linangoja. Ushungi, buibui na hijabu havimo katika makatazo hayo ya barabarani. Kwa ratiba ya Paris, Lucerne na Vienna, mwenye kushikilia nikabu anakutana na katazo katika nchi zote tatu. Achague mwenyewe, akijua: aelekee Bosnia au Uturuki, au azungumze na nyumba yake na mwanachuoni wake kabla ya kulipa. Dada mwenye buibui na ushungi, kwa upande wake, ataingia Basilika ya Mtakatifu Petro bila neno, huku watalii wengine wakitafuta kitambaa cha kufunika mabega na magoti mlangoni.

Katika mpaka uso lazima uonekane. Unaweza kuomba afisa wa kike. Picha ya visa inakubaliwa na ushungi, mradi uso uonekane kuanzia kidevu hadi paji.

Chakula sitakirefusha. Ombi liandikwe siku ya kulipa, na likumbushwe wiki moja kabla. Samaki na mboga ndio usalama, na ulizeni divai katika mchuzi na pombe katika keki, hasa tiramisu. Nyama ya Uswisi ina shida yake, kwani kuchinja bila kumzimisha mnyama kumekatazwa huko tangu karne ya 19.

Pesa na karatasi

Visa ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 na hairudishwi ukikataliwa. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni yuro 45. Bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 ni sharti. Ombi hupelekwa ubalozi wa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, na zikilingana, nchi mtakayoingia kwanza. Peleka si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Safari inayoanzia London inahitaji visa mbili, maana Uingereza haimo. Ikitoka eneo la Schengen na kurudi, omba ya kuingia mara nyingi.

Arubuni ndiyo inayoniumiza kichwa. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook, baada ya miaka 178, ilianguka usiku mmoja, na serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha nyumbani watu wapatao 150,000. Walirudishwa na kulipwa kwa sababu sheria za kwao zinamlazimisha muuza safari kuweka dhamana. Dhamana hiyo imewekwa kwa masoko ya huko. Ukinunua kwa wakala wa hapa, muombe maandishi: ni kampuni gani ya Ulaya itakayotuendesha, pesa zetu zitaifikia lini, na visa ikikataliwa mnarudisha kiasi gani? Wakala mwaminifu hakasiriki kwa maswali hayo. Akikuambia “kwetu ni kuaminiana tu, mama”, weka pochi yako mahali pake.

Kina mama wajane na wasio na waume huuliza kuhusu kusafiri peke yao na kikundi. Ruhusa ya kufuatana na wanawake waaminifu wanazuoni wetu waliitaja kwa Hija ya faradhi; matembezi hayana daraja hiyo, ingawa wapo wa zama hizi waliopanua kwa sababu ya usalama wa njia. Ushauri wangu ni kumchukua mwana au ndugu. Lipo pia jambo la chumba: bei ya kijitabu ni ya watu wawili, na anayelala peke yake hulipa nyongeza kubwa. Baadhi ya makampuni humwondolea nyongeza hiyo kwa kumweka na mwanamke mgeni asiyemjua. Ijulikane mapema, isije ikajulikana saa 5 usiku mbele ya dawati la hoteli.

Familia iliyoniomba niipangie mwaka huu nimeishauri nchi 3 badala ya 6: Paris usiku 3, Lucerne usiku 3, Venice 1, Florence 2, Roma 3, kwa reli baina ya miji yote, na basi la kukodi nusu siku pale tu linapohitajika. Usiku 6 ni wa Italia, kwa hiyo visa wataiomba kwa Waitaliano. Siku za Roma nimezipanga zikumbatie Ijumaa. Msikiti Mkuu wa Roma, kaskazini mwa mji, uliofunguliwa mwaka 1995 na kuchorwa na msanifu Mwitaliano Paolo Portoghesi, una nguzo zinazotawanyika juu kama matawi ya mitende. Kiongozi wa mji ameshaarifiwa kwamba siku hiyo Colosseum iwe asubuhi, tiketi za saa 3, na kuanzia saa 5 hawatakuwa na mtu wa kumngojea.